Santuri ya picha inastahili kusikika vizuri

Wakusanyaji wa santuri wamegawanyika kuhusu santuri za picha, yaani zile ambazo mchoro au fotografia imo ndani ya sahani yenyewe na sindano hupita juu yake. Wapo wanaozinunua kwa uzuri wake na kuzitundika ukutani bila kuzicheza hata mara moja, na wapo wanaozidharau kabisa kwa kuwa, kwa maoni yao, sahani yenye picha haiwezi kutoa sauti ya maana. Mimi ninazikusanya, ninazipenda na ninazicheza, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kukubaliana na upande wowote kati ya hizo mbili. Udhaifu wa sauti ya santuri nyingi za picha ni wa kweli, ila chimbuko lake si picha. Chimbuko lake ni namna zinavyotengenezwa, na hilo ni jambo ambalo watu huamua.

Santuri ya kawaida huanza kama donge la plastiki ya vinaili lililopashwa moto hadi likalainika. Donge hilo huwekwa katikati ya mihuri miwili ya nikeli yenye alama za muziki, kisha mtambo hulikandamiza kwa nguvu kubwa huku mvuke ukiendelea kulipasha moto, nalo hutambaa kutoka katikati kwenda ukingoni likijaza kila kona ya mihuri kabla ya maji baridi kuligandisha. Santuri ya picha haipati nafasi hiyo. Kwa kawaida ina tabaka tano: katikati kuna sahani ya plastiki, kila upande wa sahani hiyo kuna karatasi iliyochapwa picha, na juu ya kila karatasi kuna utando mwembamba wa plastiki angavu. Mifereji yote ya muziki imo katika utando huo. Kwa kuwa utando umewekwa ukiwa umeshatandazwa, hautiririki kama donge la moto, na pale usipojaza muhuri sawasawa hubaki kasoro ndogondogo ambazo sindano huzisoma kama kelele. Karatasi nayo ina matata yake, kwa maana isipokaushwa vya kutosha kabla ya kushindiliwa, unyevunyevu wake hugeuka mvuke na kuinua malengelenge chini ya picha. Ndiyo maana santuri za rangi tupu, nyekundu au buluu, ambazo hutoka kwenye donge kama zile nyeusi, zinaweza kusikika vizuri sawa na nyeusi, na anayeziweka kapu moja na santuri za picha anazionea.

Tofauti hiyo husikika hasa pale muziki unapotulia. Nikicheza albamu ileile kwenye santuri nyeusi na kisha kwenye santuri ya picha, kwa sindano ileile na spika zilezile, ngoma na tarumbeta zinapokuwa zimepamba moto mara nyingi sipati tofauti ya kunikera. Kisha wimbo hufika mahali ambapo vyombo vyote huacha na piano hubaki peke yake, na hapo chini ya piano husikika mchakacho usiokatika, kama vitunguu vinavyoanza kukaangwa. Wasomaji waliokulia kwenye nyumba zenye santuri ndogo za Mbaraka Mwinshehe wanaweza kusema kwamba wamezoea mikwaruzo na haiwasumbui. Nawaelewa, lakini mikwaruzo ile ni ya uzee, ya vumbi na ya sindano zilizochakaa, na sehemu yake hutoka santuri ikioshwa vizuri. Mchakacho wa santuri ya picha imezaliwa nao, na utausikia hata siku uliyoitoa kwenye mfuko wake kwa mara ya kwanza.

Kuna na usumbufu wa mikono ambao wanaouza hawautaji. Kwenye santuri nyeusi, mstari laini unaotenganisha nyimbo huonekana wazi ukiiinamisha kidogo kwenye mwanga, kwa hiyo unashusha sindano pale unapotaka. Kwenye santuri ya picha mstari huo humezwa na uso wa mwimbaji au na mawingu ya mchoro, na mara nyingi mtu hukisia tu. Hata kujua upande wa kwanza ni upi hulazimu wakati mwingine kutafuta maandishi yaliyochongwa karibu na tundu la katikati.

Hata hivyo, anayesema kwamba picha na sauti nzuri haviwezi kukaa pamoja hajui habari za Vogue. Santuri hizo zilitengenezwa Detroit, Marekani, mwaka 1946 na 1947, na kampuni ya Sav-Way Industries chini ya Tom Saffady. Zilikuwa sahani za inchi 10 zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zikiwa na kiini cha alumini katikati, picha za rangi pande zote mbili, na vinaili angavu juu yake. Wakati huo santuri nyingi duniani bado zilikuwa za shelaki, ambayo huvunjika ikianguka na hutoa mchakacho mkubwa. Vogue ilikuwa na alumini iliyoizuia kupinda na vinaili iliyopunguza kelele, kiasi kwamba santuri ya picha ndiyo iliyokuwa tulivu kuliko ile ya kawaida. Katika historia yote ya santuri hizi, hakuna jambo linalonisisimua zaidi ya hilo. Biashara yenyewe haikudumu, kwa kuwa wanamuziki wakubwa wengi walikuwa wamefungwa na mikataba ya kampuni nyingine, lakini mafundi wa Detroit walikwisha kuonyesha kwamba inawezekana.

Santuri za picha zilipofufuka baadaye, lengo lilikuwa limebadilika. Mwaka 1970 kundi la Uingereza la Curved Air lilitoa albamu yake ya kwanza kwenye santuri ya picha, ikawa gumzo kwa sura yake na ikalalamikiwa kwa sauti yake. Kufikia mwaka 1978 kampuni kubwa zilikuwa zimeona faida iliyomo: Capitol ilirudisha sokoni albamu ya The Beatles ya mwaka 1967 ikiwa na picha, kwa watu ambao wengi wao walikwisha kuwa na nakala nyeusi nyumbani. Tangu hapo santuri ya picha imekuwa bidhaa ya kuuzwa mara ya pili kwa shabiki yuleyule, na anayeuza kitu cha kutundikwa ukutani hana haraka ya kuhangaikia mifereji yake.

Hata mfuko wake unaonyesha kutojali huko. Santuri nyingi za picha huuzwa ndani ya mfuko laini wa plastiki ya PVC ili picha ionekane dukani. Plastiki hiyo ina kilainishi ambacho huvuja taratibu kadiri miaka inavyopita na kuacha ukungu mweupe juu ya sahani, na ukungu huo huongeza kelele kwenye sahani iliyokuwa nayo tayari. Zangu huzihamishia kwenye mifuko ya polipropilini, plastiki isiyo na kilainishi hicho, zinapofika tu, na ule wa PVC nauhifadhi kando, kwa sababu wanunuzi wa baadaye huuhesabu kuwa sehemu ya mali. Ukutani sizitundiki, maana jua huififisha karatasi na joto huikunja sahani.

Ninachokitaka kwa watengenezaji ni vitu viwili. Waandike kwenye jalada kwamba muziki umeshindiliwa kwenye utando juu ya karatasi, ili anayetaka kusikiliza kwa makini achukue nyeusi akijua sababu. Pia wasitoe albamu yoyote kwa santuri ya picha pekee. Kazi nyingine hutoka hivyo, nakala nyeusi haipo kabisa, na mpenzi wa mwanamuziki huyo hana chaguo ila kulipia piano yenye mchakacho.