Kinukamori: Chui ana sanamu, bwana hana hata jina

Jamani, ukitaka kuona maporomoko ya Kinukamori, kule Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwanza ukunjwe. Moshi hadi Marangu Mtoni ni kama kilomita 40, ila daladala haihesabu kilomita, inahesabu vichwa. Haing'oki stendi mpaka ijae, na ikishajaa inaendelea kujaa. Ikifika njia panda ya Himo inakata kushoto kupandisha mlima, na hapo ndipo gunia la mahindi linapopewa kiti, wewe unaambiwa "sogea kidogo, mzee".

Pale Mtoni vijana wanakudaka: "Bosi, ni mbali, chukua boda!" Mbali wapi? Mwendo wa dakika kama 20 kwa miguu. Getini lipa, dai stakabadhi. Bila stakabadhi, kiingilio kina tabia ya kulipwa mara mbili.

Halafu ndala! Mtu anatoka mjini na ndala kwenda korongoni. Njia ya kushukia inanyunyiziwa maji mchana kutwa, mawe yameota ukoga, ndala itashika nini? Vaa raba zenye meno, shuka ubavu ubavu, na simu ikae mfukoni mpaka usimame. Masika, Machi hadi Mei, maji yananguruma lakini njia ni tope tupu. Kiangazi njia kavu, maji membamba, watu wananuna: "Ndiyo haya tu?" Ndiyo haya. Huko juu kuna mifongo, mifereji ya Wachagga tangu enzi za mababu, inayopeleka maji kwenye migomba na kahawa. Migomba haijui kama umelipa kiingilio.

Lakini kinachonikera hasa ni hadithi yenyewe. Wanasimulia kwamba binti mmoja, Makinuka, alipata mimba kabla ya kuolewa, na enzi hizo adhabu yake ilikuwa kifo. Akaona bora ajitupe mwenyewe. Alipofika ukingoni akaghairi. Sikiliza vizuri: akaghairi! Binti kaamua kuishi, kageuka arudi nyumbani, uso kwa uso na chui. Kwa hofu akasahau korongo liko nyuma yake, akaruka kinyumenyume, akaenda na maji.

Sasa pale juu wamechonga sanamu: Makinuka yupo, chui yupo. Watalii wanapanga foleni kupiga picha na chui, wengine wanamshika masikio. Hivi, mimba ile aliiweka chui? Bwana mwenyewe siku hiyo alikuwa wapi, anakunywa mbege? Chui ana sanamu, maporomoko yana jina, mwanamume hana hata kijiwe cha kumkumbuka. Wala hakuna anayesema naye alipewa adhabu gani.

Muulize kiongozi wako swali hilo uone. Atakohoa, atatazama saa, halafu atakwambia kuna maporomoko mengine ya Kilasiya, si mbali, ila huko kiingilio ni kingine.