Ukivua Magwanda, Usianzie Usalama wa Mtandao

Askari wa mawasiliano akikaribia kumaliza mkataba, ushauri anaopewa karibu na kila mtu ni mmoja: kasomee usalama wa mtandao, ndiko kwenye hela. Anayeshauri ana nia njema, ila anamwelekeza mwenzake kwenye mlango usio wake. Kazi za kuanzia za usalama ni kukaa mbele ya skrini na kupekua kumbukumbu za seva, za barua pepe na za huduma za wingu, ukitafuta tukio moja la ajabu kati ya maelfu ya kawaida. Asiyewahi kuendesha mtandao wa ofisi hajui hiyo kawaida inafananaje, kwa hiyo kila kitu kwake ni cha ajabu, au hakuna kilicho cha ajabu. Huku nyuma ameacha ujuzi unaotafutwa kwa tochi na kampuni za simu, watoa huduma za intaneti, migodi na mashirika ya misaada: kuunganisha sehemu mbili zilizo mbali, kwa vifaa pungufu, na kiungo kisikatike.

Tuchukue kiungo cha redio cha kilomita 10 kwenye masafa ya 5.8 GHz, kazi ya kawaida kabisa kwa mtoa intaneti. Upotevu wa mawimbi angani, kwa desibeli, ni 32.44, jumlisha mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita, jumlisha mara 20 ya logi ya masafa kwa megahezi (MHz). Hapa inakuja 32.44, 20 na 75.3, yaani karibu 127.7 dB. Redio ikitoa 20 dBm (desibeli zinazopima nguvu kwa kulinganisha na miliwati moja), dishi la kila upande likiongeza 23 dBi (ongezeko la dishi), nyaya na viunganishi vikila 2 dB, upande wa pili utasoma kama −64 dBm. Ikiwa kifaa kinahitaji −75 dBm kwa kasi unayoitaka, una akiba ya 11 dB ya kumeza hali mbaya ya hewa na dishi lililosukumwa na upepo. Aliyewahi kukata dipoli (antena ya waya) ya redio ya HF porini kwa kugawa 143 kwa MHz ili apate urefu wa waya kwa mita hatishwi na hesabu hii.

Hesabu ikikubali, bado kuna njia yenyewe. Kuona mnara wa pili kwa darubini hakutoshi, kwa sababu mawimbi yanahitaji nafasi pembeni mwa mstari wa macho. Kwenye kiungo hiki nafasi hiyo ina nusu kipenyo cha mita 11.4 pale katikati, na angalau asilimia 60 yake, karibu mita 7, isiwe na kizuizi. Ongeza mita moja na nusu ya mviringo wa dunia. Ndiyo maana kiungo kilichopimwa miti ikiwa imepukutisha majani kinaanza kuyumba miti ikichipua, na fundi mgeni anabadilisha redio mbili kabla ya kuinua macho. Kosa la pili ni la usimikaji: usomaji uko chini ya hesabu kwa 20 dB hivi, fundi anapandisha nguvu na kuondoka. Mara nyingi ameshika mwale wa pembeni wa dishi, si mwale mkuu. Zungusha dishi taratibu mpaka upite kilele, usomaji ushuke, kisha upande tena, ndipo ujue kilele kikubwa ni kipi.

Mambo haya jeshi limekwisha kukufundisha. Ambalo halikukufundisha vya kutosha, kwa wengi, ni kinachopita ndani ya mawimbi hayo.

Mfano ni satelaiti. Askari anajua sauti inachelewa, kwa sababu satelaiti iliyotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini, na swali na jibu lake hupanda na kushuka mara mbili. Ukijumlisha vifaa, ni kama sekunde 0.6. Mteja analipia Mbps 20 (megabiti kwa sekunde), anapima, kiungo ni safi, lakini faili linashuka kwa kasi ya kinyonga. Fundi wa redio ataapa kwamba kila kitu kizima, na kwa upande wake ni kweli. Tatizo ni kwamba itifaki ya TCP, yaani kanuni za kupokezana data, hutuma kiasi fulani kisha husubiri kuthibitishiwa. Kiasi hicho kikibaki baiti 65,535 bila kuongezwa, utapata biti 524,280 kwa kila sekunde 0.6, yaani karibu Mbps 0.87, hata ununue Mbps 100. Mifumo ya sasa huongeza kiasi hicho yenyewe, lakini faiwoli (kifaa cha kuchuja data) ya zamani iliyokaa katikati inaweza kufuta makubaliano hayo kimyakimya. Anayeweza kueleza tatizo hili kuanzia dishi hadi TCP ni adimu, na nusu ya kwanza tayari unayo.

Kwa hiyo somea nusu ya pili: ugawaji wa anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni) mpaka uufanye bila karatasi, VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa), OSPF (namna ruta, vifaa vya kuelekeza data, zinavyoelezana njia), kisha Linux ya mstari wa amri. Kompyuta yenye RAM ya GB 16 inatosha kuendesha maabara ya GNS3, programu ya kuiga mitandao, yenye ruta kadhaa. Ivunje kwa makusudi, halafu itazame kwa Wireshark, programu ya kusoma data inayopita, hadi uone pakiti (kifurushi cha data) inapofia. Kati ya vyeti, ningechagua CCNA cha kampuni ya Cisco kabla ya Network+ cha CompTIA, maana CCNA inakulazimisha kuandika amri na mwajiri wa mitandao anajua hivyo. Kinadumu miaka 3, basi usikichukue miaka miwili kabla ya kutoka kikafia kabatini. Miezi sita kabla ni wakati mzuri. Git (ya kutunza matoleo ya faili) na lugha ya Python ya kusukuma amri kwenye swichi 40 kwa mpigo zinaweza kusubiri mwaka wa kwanza kazini, ingawa wauza kozi hawatakuambia hivyo.

Wapo ninaowatoa kwenye kanuni yangu: waliotunza funguo za usimbaji, yaani za kuficha ujumbe usisomwe na wengine. Kazi ya kupokea funguo kwa sahihi, kuzihesabu mbele ya shahidi, kuzibadilisha kwa tarehe na kuziteketeza kwa kumbukumbu ipo uraiani pia, kwenye benki na kwenye mifumo ya vyeti vya kidijitali. Huduma nyingi huzimika ghafla kwa sababu cheti cha kidijitali cha kuthibitisha seva kiliisha muda na hakuna aliyekuwa na daftari la tarehe. Mwenye historia hiyo aende moja kwa moja huko.

Kwenye wasifu, wengi huandika kama wanaripoti kwa afande. "Opareta wa redio wa kikosi, nilihakikisha mawasiliano ya amri" haimwambii mwajiri chochote. Andika ulichosimika, kwa wangapi, kwa muda gani: viungo 6 vya redio na kituo 1 cha satelaiti, watumiaji 120, zamu ya saa 24 yenye mafundi 5, mitambo miwili ya umeme. Mpango wenu wa njia nne, ile kuu, ya badala, ya dharura na ya mwisho, uite usanifu wa njia mbadala na useme kubadilisha njia kulichukua dakika ngapi. Raia wanapima kwa asilimia: 99.9 inaruhusu huduma ilale saa 8 na dakika 46 kwa mwaka, 99.99 dakika 53 tu. Namba zako ziwe unazoweza kuzitetea ukiulizwa, na ziwe zisizo siri. Masafa halisi, majina ya vifaa vya usimbaji, mahali pa kituo na majina ya mitandao yasionekane popote, na wasifu wote usomwe na ofisa usalama wa kikosi kabla hujautuma. Daftari la mawasiliano linabaki kikosini, hata kama lilijazwa kwa mwandiko wako.

Kuna mazoea yatakayokuponza wiki ya kwanza. La hatari zaidi ni umeme. Magari ya jeshi kwa kawaida ni volti 24, upande hasi ukiwa umefungwa kwenye bodi. Vituo vingi vya simu ni volti −48, na kilichofungwa ardhini ni upande chanya. Mkono uliozoea kwamba waya wa ardhini ndio hasi utaunganisha kinyume na unaweza kuchoma kadi nzima ya ruta. Pima kwa mita kwanza, kila mara. Kwenye mkongo wa faiba, angalia rangi: kiunganishi cha kijani kimesagwa kwa mshazari, cha bluu hakikusagwa hivyo, na kuvichomeka pamoja kunapoteza mwanga na kunaweza kukwaruza vyote viwili. Safisha ncha kabla ya kuilaumu faiba, maana uchafu ni chanzo kikubwa cha hitilafu.

La pili ni la tabia. Vitani kiungo kikifa unakirekebisha kwanza, ripoti inafuata. Huku, kubadilisha ruta inayofanya kazi saa nane mchana bila tiketi (ombi la badiliko) iliyoidhinishwa ni kosa la kinidhamu hata kama ulikuwa sahihi. Badiliko huandikwa, hupewa saa yake ya usiku, na huwa na hatua za kurudi nyuma. Kwenye ruta ya Cisco iliyo mbali, andika reload in 10 kabla ya kugusa orodha ya ruhusa, inayoamua data ipi ipite: ukijifungia nje, itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye usanidi uliohifadhiwa, mradi hukuhifadhi makosa yako. Mambo yakienda vizuri, andika reload cancel. Wanaosahau hatua hii ya mwisho ni wengi kuliko wanavyokiri.

Kwenye usaili swali litakuja kwa sura hii: kiungo kimekufa, unaanzia wapi? Wanaotoka darasani hukimbilia amri za ruta. Wewe anza ulivyozoea: umeme upo? Taa ya mlango inawaka? Mwanga au mawimbi yanayopokelewa ni kiasi gani ukilinganisha na siku ya usimikaji? Kisha anwani, kisha njia, kisha faiwoli. Ila swali la kwanza kabisa, kabla ya kushika mita, liwe la kumuuliza aliye zamu: nani amegusa nini tangu jana?