Bahili wa Cincinnati na kiwanda chake cha santuri

Syd Nathan, mwanzilishi wa King Records, kampuni ya santuri ya Cincinnati, Marekani, hutajwa siku hizi kama tajiri aliyewanyonya wanamuziki. Ushahidi upo. Alijipa sehemu ya utunzi wa nyimbo za wengine kwa jina la bandia la Lois Mann, na haki za nyimbo nyingi zikaishia katika kampuni yake nyingine, Lois Music. Tena kwa kuwa alirekodi, akafyatua na kuuza mwenyewe, msanii aliyetaka kujua santuri zake zimetoka ngapi ilimbidi amuulize yule yule aliyepaswa kumlipa.

Hayo siyapingi. Kinachoniuma ni kwamba kiwanda chenyewe kinatiwa hatiani pamoja na mwenye kiwanda.

King ilianza mwaka 1943, katikati ya vita, shelaki ya kutengenezea santuri ikiwa adimu na soko likiwa mikononi mwa kampuni kubwa za Victor, Columbia na Decca. Nathan aliamua kujitegemea. Katika jengo lake la Brewster Avenue mlikuwa na studio, mashine za kufyatulia, uchapaji wa majalada, hata ufungaji wa mizigo. Tonge la malighafi ya moto liliwekwa kati ya bamba mbili zenye mifuo ya wimbo. Mvuke ukalilainisha, maji baridi yakaligandisha, kingo zikapunguzwa, santuri ikatoka. Wimbo haukuhitaji kusubiri zamu katika kiwanda cha mtu mwingine.

Waliofaidika na wepesi huo ni watu ambao kampuni kubwa hazikuwa na haraka nao: Wynonie Harris, mwimbaji mweusi, na bluzi zake, na ndugu wawili wazungu, akina Delmore, na kantri yao, muziki wa mashambani. Henry Glover, Mmarekani mweusi, alisimamia rekodi za weusi na za wazungu pia. "Blues Stay Away from Me" ya 1949, waliyoiimba akina Delmore, alishiriki kuitunga. Na kwenye mashine, miaka hiyo ya 1940, wafanyakazi weusi na weupe walisimama pamoja, huku ng'ambo ya mto Ohio, kule Kentucky, sheria zikiwatenga hata watoto shuleni. Jambo hili nalirudia kila ninapoweza, maana haliingii kwenye hesabu za mrabaha.

Mwaka 1962 Nathan alikataa kugharamia rekodi ya mwimbaji wake James Brown akiwa jukwaani Apollo, ukumbi wa New York. Brown akatoa dola 5,700 zake. Albamu ikatoka 1963 na kukaa wiki 66 kwenye chati ya mauzo ya jarida la Billboard. Ubahili ule ulikuwa kosa kubwa la kutoona mbali, lakini oda zilipofurika, mashine za kuzijibu zilikuwa hapo hapo.

Brown alihamia Smash, kampuni nyingine ya santuri, mwaka 1964, King ikamshitaki. Alirudi kwa masharti bora zaidi, na mwaka 1965 "Papa's Got a Brand New Bag" ikatoka kwa nembo ya King. Kilichobadilika ni mkataba tu; kiwanda kilikuwa kile kile.