Usiwakate watu, waulize

Kuna ujumbe umerudi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mombasa, na picha yake ya mtu amesimama peke yake ufuoni jua likichomoza. Unasema furaha iko ndani yako, usimsikilize mtu, kata watu, jipende. Umepita kundi la mtaa, ukapita kundi la arusi, ukafika mpaka kundi la wazazi wa madrasa. Umenikera. Nusu yake ya kwanza sina ugomvi nayo: kukinai ni kazi ya moyo wa mtu mwenyewe, na hakuna mume, mshahara wala nyumba ya Nyali itakayomfanyia kazi hiyo. Ugomvi wangu ni na nusu ya pili. Huu ni mji ambao wazee wake walijenga baraza nje ya milango yao, watu wapate pa kukaa na kusikilizana. Leo vijana wao wanafundishwa kwamba ukitaka kujijua, jifungie.

Na hilo la kujifungia linawapoteza, kwa sababu binadamu ni mbovu sana wa kubashiri kitakachomfurahisha. Anajidhania anajijua. Mwaka 2009 Daniel Gilbert, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, na wenzake walilipima jambo hili. Waliwaweka wanawake wa chuo kikuu wakutane na kijana kwa dakika tano, na kabla ya kukutana naye kila mmoja abashiri atayafurahia mazungumzo kiasi gani. Wengine walipewa picha ya kijana na maelezo yake. Wengine walipewa kitu kimoja tu: alama ambayo mwanamke mwingine, wasiyemjua, alikuwa ameitoa baada ya kuzungumza na kijana yuleyule. Waliopewa alama ya mwenzao walikosea kwa kiasi kidogo zaidi, karibu nusu ya makosa ya wale wa picha. La kusikitisha ni kwamba wengi wao, hata baada ya hapo, waliamini picha na maelezo ndiyo yangewafaa zaidi. Ushauri wa jirani umewafaa na bado hawautaki.

Sababu yake haina uchawi. Ukikaa peke yako chumbani ukaiwaza kazi ya Saudia au Doha, mawazo yanakuletea mshahara, zawadi za kurudi nazo, na siku ya kumjengea mama. Hayakuletei chumba cha kulala na watu usiowajua, wala joto la saa nane mchana, wala sauti ya mtoto wako kwenye simu akikuita huku mtandao unakatika. Ukiiwaza nyumba ya kupanga Mtwapa, nje ya mji upande wa kaskazini, unaona vyumba vitatu, upepo, kodi nafuu kuliko kisiwani. Humwoni mtu aliyekwama kwenye daraja la Nyali asubuhi, afisini anangojewa, na jioni anairudia barabara ileile. Mawazo huchagua kile kinachong'aa na kuacha masaa ya kawaida, na maisha karibu yote ni masaa ya kawaida. Aliyeko kule hahitaji kuwaza. Anayaishi.

Kwa hivyo muulize. Hapa ndipo tunapoharibu, kwa sababu sisi wa pwani tuna adabu nzuri ya salamu inayofunga kila habari. Habari za Doha? Njema. Kazi je? Alhamdulillahi, tunasukuma. Nyumba mpya? Salama kabisa. Hapo umesalimiwa, hujajibiwa. Mtu ukimuuliza kama maisha yake ni mazuri, atakujibu anavyotakiwa kujibu, au anavyotaka maisha yake yaonekane. Ukimuuliza jana yake ilikwendaje, atakujibu yaliyotokea.

Watafiti wa furaha wana njia yao ya kuuliza hivyo, na inafaa kuibwa. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba wanawake 909 wa Texas, wote wenye kazi, waigawe siku ya jana vipande vipande: kipande hiki ulikuwa ukifanya nini, ulikuwa na nani, ulijisikiaje. Safari ya kwenda kazini ikaangukia chini kabisa. Kukaa na marafiki kukapanda juu. Hakuna aliyekuja pale kulalamikia barabara. Vipande vya siku vilisema vyenyewe.

Basi fanya hivi. Tafuta watu watatu mpaka watano walio ndani ya jambo unalolitaka sasa hivi, iwe ni kazi, mtaa, biashara au masomo. Aliyeacha miaka kumi iliyopita amebaki na kumbukumbu, na kumbukumbu hushika kilele cha jambo na mwisho wake, katikati ikapotea. Aliyeingia mwezi jana bado yumo katika ugeni, kwake kila kitu ni kitamu au kila kitu ni kichungu. Mtu wa mwaka mmoja au zaidi ndiye wako. Agenti anayelipwa wewe ukisafiri mwache, na muuza ploti mwache, hata kama ni binamu yako. Katika hao watatu au watano, hakikisha mmoja ana mzigo kama wako: umri wako, watoto kama wako, mzazi wa kutunzwa kama wako. Kisha ongeza mmoja aliyeacha kwa hiari yake mwaka huu, umuulize nini kilimtoa.

Maswali yenyewe ni madogo. Juzi Jumanne uliamka saa ngapi? Chakula cha mchana ulikula wapi, na nani? Saa gani ulitamani siku iishe? Uliporudi jioni ulikuwa na nguvu ya kufanya nini? Ni lini mara ya mwisho ulicheka kazini? Chagua siku ya kawaida, usichague Ijumaa wala siku ya mshahara. Pesa ziulize mwisho, kwa sababu zikishatajwa mazungumzo hukwama hapohapo na hayatoki tena. Akinyamaza, nyamaza na wewe; neno la maana mara nyingi huja baada ya kimya hicho. Usiku uandike aliyokwambia kabla hujalala, maana kesho utakumbuka yale tu uliyotaka kuyasikia. Ukishawamaliza wote, tafuta kilichojirudia. Watatu wakilalamikia kukosa usingizi, basi kutakupata na wewe.

Na hapa ndipo karibu kila mtu huteleza. Anasikiliza vizuri, anaandika, halafu anasema: lakini mimi si kama wao. Jamani, wewe ni kama wao. Tofauti zetu tunazijua moja moja kwa sababu ndizo tunazoziangalia kila siku, ila katika uchovu, upweke, njaa ya kusifiwa na raha ya kukaa na mtu umpendaye tunafanana kuliko tunavyopenda kukubali. Kama watano wote wamechoshwa na zamu za usiku, usijenge mipango yako juu ya tumaini kwamba wewe una mwili wa aina nyingine.

Mahali pa kuulizia tunapo, wala hatulipi kiingilio. Baada ya isha, Kibokoni katika Mji wa Kale, muuza kahawa ameweka dele lake juu ya makaa, anagonganisha vikombe ili watu wasikie yuko wapi. Kahawa ni chungu, kikombe hakina mkono na ni cha mafunda machache, kashata iko pembeni. Kijana anayetaka kazi ya meli za watalii amekaa karibu na baharia aliyeko likizo. Akimuuliza, "Ami, kazi ya meli ni nzuri?" atajibiwa riziki haina mwenyewe. Akimuuliza, "Ami, siku ya kawaida ukishamaliza zamu, ulikuwa ukikaa wapi?" ataambiwa habari za kitanda cha juu, chumba kisicho na dirisha, zamu zinazoanza kabla ya alfajiri, na miezi bila kusikia adhana. Ataambiwa pia, na hili asilipuuze, raha ya kuingia bandari mpya na masahibu kutoka nchi nyingi. Yote mawili ni kweli, naye anayahitaji yote mawili kabla ya kuweka sahihi.

Dada zetu hawakai baraza hizo za nje, lakini wana mahali pazuri zaidi. Usiku wa hina, mikono miwili imepakwa, haijakauka, simu haishikiki. Kwa saa nzima na zaidi wanawake wa rika zote wamekaa chumba kimoja bila cha kufanya ila kuzungumza. Binti anayekaribia kuolewa akitaka kujua ndoa ni nini, ajifunze kuuliza pale: shangazi, jana mlizungumza nini na ami baada ya chakula cha usiku? Jibu la swali hilo lina faida kuliko nasaha zote za jukwaani.

Nayajua yatakayosemwa. Baraza zina fitna. Zina, na kusengenya kupo, na husuda ipo. Dawa yake ni kuwa mkali katika unachokiuliza: muulize mtu habari za siku yake mwenyewe, akianza kukupa habari za siku ya mwingine, aga uondoke. Wako pia wa kukatwa kweli, hilo nalikubali. Anayekupiga kata. Anayekopa halipi kisha anakutukana kata. Lakini hao huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ujumbe ule unazungumza utadhani mtaa mzima ni adui. Utafiti wa Harvard ulioanza mwaka 1938 umefuata maisha ya wanaume 724, kisha wake na watoto wao, na walichokiona tena na tena ni kwamba mahusiano mema ndiyo yaliyowaweka watu na furaha na afya uzeeni.

Pesa nazo, sawa, zina nafasi yake. Watu hupenda kutaja uchunguzi mdogo wa mwaka 1978 kule Marekani, washindi 22 wa bahati nasibu waliokutwa hawana furaha kubwa kuliko majirani zao, na vitu vidogo kama kifungua kinywa na mazungumzo na rafiki vinawapa raha pungufu kuliko wenzao. Lakini uchunguzi mkubwa zaidi wa Uswidi, uliotoka 2020, umewakuta walioshinda pesa nyingi wameridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka zaidi ya kumi. Anayedaiwa kodi asihubiriwe kukinai. Apate kodi kwanza.

Kuhusu kujilinganisha, mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu asipokuwa na kipimo cha wazi hujipima kwa wenzake. Sisi tulikuwa tumefunzwa zamani hizo: Mtume (s.a.w.) ametuusia katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu yetu, ili tusizidharau neema za Mwenyezi Mungu. Simu imetugeuza shingo. Kutwa tunaangalia juu.

Shukrani inafanya kazi, ila wengi wanaifanya vibaya. Watafiti Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003, waliwapa watu kazi ya kuandika mpaka mambo matano ya kushukuru mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi. Mara moja kwa wiki. Mtafiti mwenzao Sonja Lyubomirsky naye aliona waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki walifaidika, waliofanya mara tatu hawakufaidika. Ukiandika kila siku afya, familia, uhai, baada ya siku chache mkono unaandika na moyo haupo. Andika alhamisi usiku, na andika kitu chenye sura: jirani aliyenipokelea mtungi wa gesi mvua ikinyesha, mbaazi za leo asubuhi zilizoiva na nazi nzito.

Na toa vile visikizi masikioni ukiwa kwenye matatu. Watafiti Nicholas Epley na Juliana Schroeder, mwaka 2014, waliwaomba abiria wa treni za Chicago wazungumze na mgeni aliyekaa karibu nao. Watu walibashiri wangefurahi zaidi wakikaa kimya. Waliozungumza ndio walioshuka na furaha zaidi.

Ila kuna hali ambayo mazungumzo peke yake hayaitoshi. Mtu aliyekaa wiki mbili au zaidi usingizi umeruka au umezidi, chakula hakipiti, na kila alichokipenda hakimgusi tena, huyo ni mgonjwa, aende hospitali. Visomo asomewe, hakuna ubaya, na daktari amwone. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe siku hiyohiyo.

Limebaki deni la sisi tunaoulizwa. Vijana wengi wameingia mahali pabaya kwa picha zetu: picha ya jumba la maduka, picha ya uwanja wa ndege, picha ya funguo za nyumba. Uko likizo, kijana wa mtaa amekuja kukusalimu na macho yanamwaka. Usimpe njema na alhamdulillahi ukamwacha aende. Mwambie mnalala wangapi chumbani. Mwambie mshahara ulichelewa mwezi gani, na ulikula nini mwezi huo. Mwambie na kilichokufurahisha kweli, usimfiche, hata kama ni kitu kidogo. Kisha mwache apime mwenyewe. Akiamua kwenda, mpe namba ya mwenzako aliyebaki kule, amuulize habari za wiki hii.