Usiiulize inodi jina lake

Anayejifunza kuandika moduli za kerneli ya Linux, yaani vipande vya programu vya kuongeza kwenye kiini cha mfumo huo, hafiki mbali kabla hajakwama hapa: ana inodi mkononi, yaani rekodi ya taarifa za faili, anataka jina la faili. Anaichungulia inodi, anakuta mwenye faili, ruhusa, ukubwa, saa ya mabadiliko. Jina hamna. Anadhani amepitiwa, anasoma tena.

Hajapitiwa. Jina hukaa kwenye saraka, yaani folda, na saraka huanzia kwenye jina kwenda kwenye namba ya inodi, si kinyume chake. Faili moja yaweza kuwa na majina matatu yaliyotengenezwa kwa amri ya ln, na hakuna lililo halali kuliko mengine. Yaweza pia isiwe na jina kabisa: programu imeifungua, mtu kaifuta, data bado ipo mpaka programu iifunge. Hapo ukiuliza jina, wataka ujibiwe nini?

Wengi hukimbilia d_find_alias, fanksheni inayopekua dentri, yaani majina ambayo kerneli bado inayakumbuka, na kurudisha mojawapo. Ikiwa lipo. Kwenye mashine ya majaribio huwa lipo, maana faili umetoka kuifungua wewe mwenyewe, na ndiyo sababu siiamini. Tena dentri peke yake haijui mfumo wa faili umepachikwa wapi, yaani umeunganishwa kwenye saraka ipi. AppArmor, programu ya ulinzi inayolinda faili kwa kuangalia njia zake, yaani mfuatano wa saraka hadi kwenye jina, ilikwama hapohapo, hadi kerneli ikaongezewa vituo vya ukaguzi vinavyopokea njia nzima. SELinux, mfumo mwingine wa ulinzi, hubandika lebo kwenye inodi yenyewe, jina haliisumbui.

Mimi naona Unix, mfumo ambao Linux iliuiga, haikukosea. Inodi ingetunza njia nzima, kubadili jina la saraka moja ya juu kungelazimu kuandika upya kila inodi iliyo chini yake. Tangu Linux 6.10, mwaka 2024, XFS, mmojawapo wa mifumo ya faili, inaweza kutunza kwenye inodi jina pamoja na namba ya saraka mzazi. Ni msaada mkubwa wakati wa kukarabati diski iliyoharibika, lakini hata XFS hutunza orodha, si jina moja.

Ukilihitaji jina, lichukue faili inapofunguliwa, kwenye f_path, sehemu ya rekodi ya faili iliyofunguliwa, palipo na dentri pamoja na mahali pa kupachika. Na d_path, fanksheni inayoigeuza njia kuwa maandishi, ikikuletea neno deleted kwenye mabano mwishoni, usilikate kwa pupa: hakuna kinachomzuia mtu kuipa faili yake jina hilohilo, mabano na yote.