Tabia ndogo ndogo: zinambadilisha mtu au zinamridhisha tu?

Kuna hesabu wahamasishaji wanaipenda sana: jiboreshe kwa asilimia 1 kila siku, na mwaka ukiisha utakuwa bora mara 37. Kikokotoo kinakubali. Mwili haukubali. Anayeanza kukimbia huona mabadiliko makubwa wiki za mwanzo, kisha anaganda palepale miezi na miezi.

Lakini wanaozibeza tabia ndogo nao wamepitiliza. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010. Kila mshiriki alichagua jambo moja, mfano kula tunda au kukimbia kidogo, akalifunga kwenye tukio la kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Jambo lilizoeleka kwa wastani wa siku 66, ila tofauti zilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kunywa maji kulizoeleka haraka, mazoezi yakachelewa. (Zile siku 21 maarufu, zinazosemwa kuwa zinatosha kujenga tabia, zilianzia kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji aliyeona wagonjwa wakizoea sura zao mpya. Hata yeye alisema angalau 21.) La maana zaidi kwangu ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Anayeacha yote Jumatano kwa sababu Jumanne ilimshinda anajiadhibu bure.

Tatizo liko kwingine. Mtu mwenye madeni anaandika matumizi yake kila usiku. Daftari ni safi, mistari imenyooka, jumla zimepigiwa mstari chini, na kila mwezi kipato hakitoshi kodi ya nyumba. Huyu hahitaji tabia nyingine ndogo. Anahitaji kuhama, au kutafuta kazi nyingine, na daftari limeanza kumpa kisingizio cha kutoamua.

Pia ushauri wa "amka saa kumi na moja alfajiri" unamfaa mwenye ratiba isiyoyumba. Anayefanya kazi kwa zamu, wiki hii usiku, wiki ijayo mchana, atashindwa na kujiona mvivu. Kwake saa si nguzo ya kuegemea. Afadhali afunge tabia kwenye kitendo kisichomkwepa, kama kuvua viatu vya kazi: akivivua tu, anajinyoosha dakika mbili, iwe ni asubuhi au usiku wa manane.