Acheni kutafuta chuma ndani ya Dark Energy

Karibu kila makala niliyosoma kuhusu Jlin, mtunzi wa muziki wa kompyuta kutoka Marekani, inaanzia kiwandani. Jerrilynn Patton, ndilo jina lake, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma mjini Gary, Indiana, na muda uliobaki baada ya zamu ndio aliotengenezea Dark Energy. Albamu hiyo ilitolewa mwaka 2015 na Planet Mu, lebo ya muziki ya Uingereza, na jarida la muziki la The Wire likaitawaza albamu bora ya mwaka. Hapo ndipo waandishi hunogewa: eti ngoma zinagonga kama nyundo, eti ukitega sikio utasikia tanuri. Hadithi tamu, sikatai. Ila angekuwa karani wa benki, nani angedai kusikia sarafu zikilia?

Mimi mwenyewe niliwahi kuiamini. Mara ya kwanza niliiweka nikiwa naosha vyombo, nikaizima kabla ya wimbo wa tatu, nikajiambia basi, kelele za mitambo hizi. Kumbe kosa lilikuwa langu. Huu si muziki wa kuoshea vyombo.

Ili umwelewe lazima uanzie Chicago, jirani na Gary, kwenye mtindo wa footwork. Ni muziki wa mapigo kama 160 kwa dakika, uliozaliwa kwa ajili ya wacheza dansi wanaoshindana kwa miguu, mmoja akitoka ulingoni mwingine anaingia. Raha yake iko kwenye hesabu: 160 ukiigawa mara mbili unapata 80, kwa hiyo miguu inakimbia huku kiwiliwili kikiweza kutulia, na kila msikilizaji anachagua afuate mwendo upi. Mafundi wake, akina RP Boo na marehemu DJ Rashad, walipenda kukata kipande cha wimbo wa zamani, maneno mawili matatu tu, na kukirudiarudia mpaka kipoteze maana na kugeuka mdundo.

Jlin alianza hivyohivyo. Kisha, kama alivyosimulia mwenyewe, mama yake alisikia kazi aliyoijenga juu ya wimbo wa mtu mwingine, akamuuliza: na wewe mwenyewe, unasikikaje? Swali hilo ndilo kiwanda chenyewe, kwa maoni yangu. Baada yake akaacha kuegemea nyimbo za watu. Sauti za filamu bado zimo, neno hapa na kilio pale, lakini hakuna tena melodi ya kuazima ya kukushika mkono. Mifupa ya footwork ameibakiza. Nyama ameitengeneza mwenyewe.

Sikiliza "Guantanamo". Kinachotisha pale ni jinsi ngoma zinavyokatika pale ulipokuwa umeshainua mguu. Unabaki hewani. Au "Black Ballet", inayofungua albamu: unasubiri besi ije ikuwekee sakafu, na yeye anakuchelewesha makusudi. Mashine ya kiwandani hurudia kitu kilekile mpaka izimwe. Jlin hawezi kuvumilia kurudia, karibu kila mzunguko kuna pigo limehama.

Nina manung'uniko pia. Vyombo vya muziki ni vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, na ukisikiliza mfululizo sikio linachoka kabla ya akili. "Erotic Heat", iliyokuwa imeshatoka mwaka 2011 kwenye mkusanyiko wa lebo hiyohiyo, inafichua kwamba baadhi ya mbinu zilikuwa mkononi siku nyingi. Black Origami ya mwaka 2017 ina hewa zaidi, na ndiyo ningemkopesha mgeni kwanza. Lakini Dark Energy ndiyo yenye ujasiri, na kwa ujasiri huo namsamehe.

Anayetaka ushahidi wa hoja yangu atazame kilichofuata. Jlin aliandika Perspective kwa ajili ya Third Coast Percussion, kundi la wapiga ngoma wa Chicago, na mwaka 2023 kazi hiyo ikafika fainali ya tuzo ya Pulitzer ya muziki. Wanaume wanne walikaa na midundo iliyotungwa kwenye kompyuta, wakajifunza pigo kwa pigo namna ya kuipiga kwa mikono yao. Walichokuwa wakikitafuta humo kilikuwa mahali pa kunyamaza.